Pilau ya Bilali

Kwa miaka ishirini na tano hapakuwa na shughuli ya maana mjini Bagamoyo iliyopita bila sufuria za Bi Adila Mbaruku. Harusi yeye, hitima yeye, maulidi yeye. Alikuwa mwanamke mfupi, mikono minene iliyozoea moto, na pilau yake aliipalia makaa juu na chini mpaka mchele ukasimama punje punje. Mtu kama huyo umwibie kuku atakusamehe. Umseme uchochoroni atakusamehe, pengine. Lakini kaa mbele ya sinia lake ukatae kula, uone.

Aliyekataa ni Sada. Huyu alikuwa mkwe mwenzake: Hafidha, binti wa Adila, ameolewa na Abdulazizi, mtoto wa Sada, na wote watatu wanakaa nyumba moja huko Bunju. Alipozaliwa Bilali, mjukuu wa kwanza wa pande zote mbili, Adila alisema pilau ya akika ni yake na hataki msaidizi. Akapakia sufuria, akaenda Bunju, akapika mbuzi wawili. Wanawake wakaketi chumbani, sinia moja watu wanne: Adila, Sada, Hafidha na Ashatu. Ashatu ni mdogo wake Sada, mwanamke ambaye jambo likimwingia sikioni leo, kesho liko Chalinze. Wakanawa. Watatu wakapeleka mikono kwenye wali. Sada akaifuta yake kwa kanga, akafungua mkoba, akatoa pakiti ya biskuti, akaanza kula moja moja.

"Hujisikii vizuri, mkwe mwenzangu?" Adila alimuuliza.

"Mimi mzima," Sada akajibu. "Ila sili ovyo ovyo."

Pwani yetu hii, mtu akiacha chakula ulichompikia akala cha mkobani mwake, hana haja ya kukuita mchawi. Keshakuita. Ashatu, aliyekuwa amekwisha kumeza matonge matatu, akaanza kulitazama la nne kabla ya kulitia mdomoni.

Haikutimia miezi mitatu, harusi ya mtaa wa pili ikapewa mpishi mwingine. Kisha hitima ya jirani, ukuta kwa ukuta. Hakuna aliyemwambia neno. Jaysukh, muuza viungo, ndiye aliyeligundua mapema, maana Adila aliyekuwa akichukua iliki na karafuu kwa kilo sasa alikuja kutaka za kufungiwa kwenye kipande cha gazeti.

"Bi Adila, siku hizi watu hawaoi?"

"Wanaoa, Jaysukh. Ila wanakula biskuti."

Jaysukh akacheka, akidhani utani. Adila hakucheka. Alirudi nyumbani na kifurushi chake cha karafuu na donge moyoni, na donge hilo alilala nalo na kuamka nalo kwa miaka miwili na ushei. Hakutaka kuombwa radhi, wala hakutaka maelezo. Alitaka kitu kimoja: Sada ale pilau yake mchana kweupe, Ashatu akiwepo, na aiombe kwa mdomo wake mwenyewe. Alikwisha jaribu. Alipopeleka chakula Bunju, Sada alikuwa amefunga sunna. Alipomwalika Bagamoyo, Sada alikuwa anaumwa miguu. Roho ya korosho ile haikuishiwa sababu.

Ndipo, wiki mbili kabla ya Ramadhani, Hafidha akapiga simu. Bilali ameona picha za kitreni cha watoto katika bustani mpya ya michezo iliyofunguliwa mwaka jana upande wa Mbweni, na sasa nyumba haikaliki. Wanataka kumpeleka Idi Pili, lakini hajui waanzie wapi na mtoto wa umri ule.

"Niachie mimi," Adila akasema. "Nimepanga harusi za watu mia nne, itanishinda siku ya mtoto mmoja?"

Jumanne iliyofuata akavaa baibui akaenda peke yake kuikagua hiyo bustani, kama alivyozoea kukagua uwanja wa shughuli kabla ya kuwasha moto. Mlangoni mlinzi akalitazama kapu lake.

"Shikamoo mama. Humo ndani kuna chakula?"

"Marahaba mwanangu. Maandazi mawili tu."

"Samahani mama, chakula cha nje hatupitishi. Labda uwe na mtoto asiyetimiza miaka mitatu. Cha mtoto tunaruhusu."

"Na kama mtoto ni mlaji?"

Kijana akatabasamu. "Sisi hatupimi tumbo la mtoto, mama."

Adila alikula maandazi yake pale pale nje, polepole, huku akili inakwenda mbio. Bilali anatimiza miaka mitatu mwezi wa Mfunguo Pili. Idi ni Mfunguo Mosi. Basi ni Idi hii au haiwi tena. Akaingia ndani akazunguka mpaka miguu ikavimba. Akaona kidimbwi cha watoto kiko mwisho wa kusini na kitreni mwisho wa kaskazini, na katikati ni mchanga wa moto. Akaona banda moja tu la chipsi. Akamuuliza binti wa bandani Idi huwaje, naye akamwambia, "Mama, siku hiyo mtu anashika foleni saa sita anakula saa kumi." Adila akamshukuru kwa furaha iliyomshangaza yule binti.

Ratiba aliiandika kwenye daftari, na ilikuwa ratiba nzuri kweli, maana mjukuu wake alimjua. Alijua Bilali akiamshwa mapema hushinda na nguvu za punda mpaka saa nane. Alijua hashiki mkono wa mtu, hukimbia. Alijua kwamba mikoba ya bibi yake wa Bunju huipekua mpaka chini na kula kila anachokikuta. Kitreni akakiweka kati ya zamu ya kwanza na zamu ya pili ya kidimbwi, ili anayemfuata mtoto auvuke ule mchanga kwenda na kurudi. Na anayemfuata hakuwa yeye, kwa kuwa siku hiyo goti lake lingeuma. Aliamua hivyo wiki sita kabla.

"Mama, umempangia mume wako utadhani arusi!" Hafidha alicheka kwenye simu aliposomewa.

"Si ndiye mume niliyebaki naye? Sasa sikiliza. Mama mkwe wako naye aje. Na Ashatu. Mtoto awe na wazee wake wote."

Adila akasikia Hafidha anavuta kamasi. "Mama. Kwa hiyo umesamehe?"

"Nimezeeka, mwanangu," Adila akasema. Binti akalipokea kama jibu, na mama hakuona haya hata chembe.

Idi Pili alipika tangu alfajiri. Mbuzi, viazi vilivyokaangwa mpaka vikashika rangi, bizari aliyoitwanga mwenyewe. Akajaza hotipoti kubwa kupita zote alizonazo, ile ya kutosha watu wanane, na juu yake akafunga kitambaa cha kifuani cha Bilali, bibu yenye picha ya bata. Mlinzi alikuwa yule yule. Akaitazama hotipoti, akamtazama Bilali, akamtazama Adila.

"Ya mtoto," Adila akasema.

"Mungu amkuze, mama," akasema kijana, akawapitisha.

Tangu saa nne mambo yalikwenda kama daftari. Adila aliketi chini ya turubai na goti lake amelinyoosha kwenye mkeka, akisema "Pole, mkwe mwenzangu, ningekusaidia," huku Sada, mwanamke mrefu aliyekuja na dera jipya la zambarau na viatu vya kisigino, akimkimbilia Bilali mchangani. Abdulazizi na mkewe walijitolea kumpokea. Bilali akapiga kelele, "Bibi Sada! Bibi Sada!" kwa sababu Adila alimnong'oneza garini kwamba Bibi Sada anapenda sana kukimbizana. Saa tano mtoto akaupekua mkoba wa Sada. Biskuti zile, pakiti ile ile ya miaka yote, akala nne na sita akazimwaga kidimbwini kuwalisha samaki wasiokuwepo. Adila aliziona zikielea zikilainika, na moyo wake ukatulia kama mtu aliyelipwa nusu.

Saa nane kasorobo Sada akaja turubaini amevua viatu, dera limelowa hadi magotini, midomo imekauka. Abdulazizi alikuwa amekwenda foleni ya chipsi akarudi mikono mitupu. Hapo ndipo Adila alipoifungua hotipoti.

Mvuke ulipotoka, familia ya mkeka wa jirani iligeuka. Adila akampakulia Bilali kwanza, kisha Hafidha, kisha Abdulazizi. Ashatu akamtupia dada yake jicho, akaimeza tamaa, halafu njaa ikamshinda akapokea sahani. Ustaarabu wetu ni kumkaribisha mtu mara mbili, tatu, hata umvute mkono. Adila akasema "Karibuni" mara moja, kwa wote, basi.

"Ahsante, mimi nimeshiba," Sada akasema.

Ameshiba nini, na biskuti ziko majini? Adila nusura acheke. Akaamua kumwacha akae hivyo hivyo, harufu imkate maini, mpaka jua lizame.

Lakini Bilali hakuwa kwenye mpango huo. Alisimama, akafinyanga tonge kiganjani, likashika na punje mbili za mchanga, akalipeleka mpaka kwenye midomo ya Sada.

"Bibi, kula."

Ashatu aliacha kutafuna. Sada alimtazama mtoto, akaitazama ile mikono midogo inayong'aa mafuta. Akafungua mdomo. Akatafuna, akameza. Bilali akaleta la pili, na la tatu, na la tatu Sada alilifuata kwa shingo kabla halijafika. Kisha akaokota sahani tupu, akainyoosha.

"Bi Adila," akasema kwa sauti ndogo, "nipakulie na mimi kidogo."

Maneno aliyoyangoja miaka miwili na ushei hayo, na Ashatu yuko pale kayasikia kwa masikio yake yote mawili. Ilipaswa iishie hapo. Lakini Adila alipoiona ile sahani hewani, utamu ulimpanda kichwani akataka zaidi. Akauvuta mfuniko, akaufunga taratibu, akaweka viganja vyake viwili juu yake na kidevu akakiinua upande.

"Hii ya Bilali," akasema, akitabasamu.

Sahani ya Sada ikabaki hewani. Abdulazizi akainamisha macho. Hafidha akasema "Mama," basi, neno hilo moja. Adila hakumtazama. Akamgeukia mjukuu wake amalizie raha yake.

"Haya mume wangu, na mimi nilishe tonge."

Bilali akaitazama sahani yake. Akaweka viganja vyake viwili juu ya wali, vidole amevitandaza, akainua kidevu upande, akatabasamu.

"Ya Bilali."

"Kidogo tu, babu weee."

"Ya Bilali!" Akageuka akampa mgongo.

Hakuna aliyecheka. Adila alikiangalia kile kidevu kilichoinuka upande akakijua ni chake, Bilali amekitoa kwake sasa hivi, kingali cha moto. Aibu ilimshika, aibu hasa, na ilimkasirisha kuwa aibu siku hii iwe yake yeye. Mpishi mzima wa watu mia nne, amekaa ameufunga mfuniko kwa mikono miwili, mtu ana njaa mbele yake. Nani atamwita tena shughulini?

Akafungua hotipoti, akampakulia Sada sahani ikajaa. Ila mkono una mambo yake: nyama aliyoiweka juu ilikuwa mfupa mtupu.

Sada aliuona ule mfupa. Akausogeza pembeni, akachambua wali akapata kipande kimoja chenye mnofu kilichojificha chini, akakifinyanga pamoja na wali tonge zuri, la mtu anayejua kulisha watoto. Hakulila. Alilinyoosha juu ya mkeka mpaka likafika usoni pa Adila.

"Shika, mkwe mwenzangu. Mtoto kakunyima, mimi nakupa." Macho yake hayakupepesa. "Au waniogopa?"

Mkono ulikuwa hewani, na mafuta yalikuwa yanatiririka kwenye kifundo. Adila aliufikiria mkoba, na biskuti, na harusi zote zilizompita. Mdomo wake ulikuwa umefumba kwa nguvu, na akahisi jinsi ulivyofumba, na akajua unaonekanaje kwa anayetazama. Ashatu alikuwa anatazama. Hata Bilali alikuwa amegeuka, viganja bado juu ya sahani, anangoja kuona.

Adila akafungua mdomo. Akalipokea tonge kutoka kwenye vidole vya Sada, akalitafuna mbele yao wote, akameza.

"Chumvi imekaa sawa," akasema, maana ilibidi aseme kitu.

"Imekaa," Sada akajibu, akaanza kula.