Swaleh, Aliyenipokonya Namba Kumi na Tano

Bado akili yangu inakataa. Miaka arobaini na zaidi imepita, lakini leo asubuhi mtu katuma picha ya timu kwenye group yetu ya wazee wa raga. Nikamwona Swaleh katikati, mpira mapajani. Nikaweka simu chini kama imenichoma.

Wengi mnaonifuata hapa hamkumjua. Alikuwa kijana wa Majengo, Nairobi, mamake akiuza mahamri mlangoni pao. Alikufa mwanzoni mwa miaka ya themanini, akiwa na miaka ishirini na mbili. Hakufia uwanjani. Alifia shambani kwa watu.

Kila mwaka wenzangu humwandikia maneno matamu. Mimi leo nasema ukweli: nilimwonea wivu. Wivu mbaya.

Na ni mimi niliyemleta kwenye raga! Nilimkuta sokoni Gikomba amebeba bale la mitumba mgongoni na bado anakimbia, watu wanampisha wenyewe. Nikamwambia, "Wewe, njoo training Jumanne."

"Raga si ya wazungu?"

"Ni ya mwenye mbavu. Njoo."

Tulikuwa timu ya kiwanda kimoja Industrial Area, vibarua, casuals watupu, tukifanyia mazoezi kwenye kiwanja cha shule chenye vumbi na changarawe. Mimi nilikuwa fullback, mlinzi wa nyuma kabisa, jezi namba kumi na tano. Miezi mitatu baadaye Coach akaniita kando. "Ouma, utacheza wing, kule pembeni. Kumi na tano nampa Swaleh."

Nikasema, "Sawa, Coach." Kisha nikaenda nyuma ya choo nikapiga ukuta teke. Kidole kilivimba wiki nzima.

Jamaa alikuwa anajua, wacha niseme. Mpira ukitoka juu aliudaka kwa utulivu kama anayepokea mtoto mchanga. Akifunga try hakuringa. Alirudi kumwinua aliyejaribu kumwangusha na kumpangusa vumbi. Hata hilo lilinikera. Angekuwa na maringo ningepata sababu ya kumchukia.

Baba yangu alikuwa fundi wa reli, tukikaa Kaloleni. Hakuwahi kuja kunitazama nikicheza. Jumamosi moja nikamwona kando ya uwanja, kavaa kofia yake ya kanisani. Oyaa, nilikimbia siku hiyo mpaka mapafu yakawaka moto!

Mechi ilipoisha akanipita, akaenda kumshika Swaleh mkono. "Kijana, kazini wamenisimulia sana habari zako. Nikasema nije nijionee."

"Asante, Mzee. Ni Ouma alinifunza," Swaleh akasema.

Mtu mwingine angeshukuru. Mimi niliona ananihurumia mbele ya baba yangu.

Kisha tukasafiri kucheza na timu moja upande wa Kitale. Baada ya mechi, mkulima mmoja akasema anataka mtu wa kumsaidia msimu wa kuvuna mahindi, chakula na malazi juu yake. Kiwandani kazi ilikuwa imepungua. Tukainua mikono, mimi na Swaleh. Mkulima hakufikiri mara mbili. "Huyu aliyetufunga mara tatu."

Siku ya kuondoka Swaleh alipita kwetu kuniaga. Nilimsikia tangu mlangoni. Nikajitupa kitandani nikavuta blanketi mpaka kichwani, saa nne asubuhi.

Baba akaita, "Ouma! Swaleh anaenda!"

Nikafumba macho.

"Amelala," Baba akamwambia.

"Mwache apumzike, Mzee. Mwambie nikirudi tutafanya mazoezi ya mateke. Ya kwake ni mazuri kuliko yangu."

Halafu nikasikia Baba akifungua kabati. Alimpa koti lake la mvua, kwa sababu kule kuna baridi. Koti ambalo mimi sikuruhusiwa kuligusa.

Siku ya kumi na moja foreman wa kiwanda alitusimamisha katikati ya shift, akatupa habari. Mvua ilikuwa imenyesha usiku wa kuamkia siku hiyo, mteremko ukateleza. Swaleh alikuwa amekaa kwenye madigadi ya trekta, juu ya gurudumu, wanavuta trela la mahindi. Trekta ikapinduka. Dereva aliruka. Swaleh hakuwahi.

Alipoletwa Majengo aliswaliwa adhuhuri, tukampeleka makaburini Kariokor. Timu nzima tulivaa jezi. Tulipokezana jeneza kwa haraka, bega kwa bega, Waislamu na Wakristo.

Nikageuka nikamwona Baba amejishika kiuno, analia kwa sauti. Sikuwahi kumwona akilia, hata nyanya yangu alipokufa. Na mimi, jeneza likiwa begani, nikajiuliza: ningekuwa mimi humu ndani, angelia hivi?

Hilo ndilo nililowaza siku ya kumzika rafiki yangu. Sijawahi kulisema.

Tulipotoka makaburini tukaenda kumpa pole Mama Swaleh. Akanishika mikono yote miwili. "Ouma mwanangu, alinambia anapitia kwenu. Mliagana vizuri?"

"Tuliagana vizuri, Mama."

"Alhamdulillahi," akasema, akanipiga-piga mkono. "Basi hilo limenipoza."

Mama naye ametangulia, siwezi kumrudia. Lakini dada Mwanaisha, najua unasoma hapa. Sikuagana na kaka yako. Alikuja, nami nikajifanya nimelala. Nilimdanganya mama yenu. Nisamehe, ukiweza.

Swaleh, mimi nimezeeka. Nina wajukuu wanaonicheka nikishuka ngazi. Wewe kila anayekutaja anakutaja ukikimbia, na bado inaniuma, sitaficha. Ningetoa chochote uwe hapa na kitambi chako na mvi zako, nikuonee wivu ana kwa ana.

Lala salama, ndugu yangu.