Vipande Viwili vya Mpingo

Baba yangu alikuwa seremala Keko. Enzi hizo za Mwingereza nilipopata nafasi ya kwenda Uingereza mwaka mmoja kuongeza masomo ya ualimu, ndugu na majirani waliniagiza saa, makoti, redio. Yeye aliniagiza swali.

Alikuwa na vipande viwili vya mpingo, kavipiga randa na msasa mpaka ukiviinamia unajiona. Ukivikutanisha na kuvisugua kidogo vinashikana bila gundi. Ukiinua cha juu, cha chini kinafuata.

"Mwanangu, huko kuna wajuzi. Niulizie, nini kinachovishika?"

"Inshallah, baba," nikamwitikia. Moyoni namcheka.

Huko siku moja walimu tulipelekwa kutembelea maabara kubwa ya fizikia. Lo, mitambo ile! Mingine mirefu kupita mnazi. Tukavalishwa makoti meupe, tukaambiwa tusiguse kitu, nami nikajiona mtu hasa. Chumba cha mwisho tukamkuta mtaalamu mzee, sweta limetoboka kiwikoni. Akachukua vipande viwili vya chuma, akavisugua, akainua cha juu. Cha chini kikafuata.

Wallahi, kama vile vya baba. Mzee akasema jambo hilo amelihangaikia miaka mingi na bado hajalimaliza. Je, kuna aliyewahi kuliona kwao? Akanitazama mie. Na mie, bwege wa mabwege, nikatikisa kichwa. Niliona haya kumtaja seremala wa Keko asiyejua kusoma mbele ya wale Wazungu. Mkataa kwao mtumwa, na siku ile nilijiuza mwenyewe, wala hapakuwa na dalali.

Niliporudi nyumbani, baba aliitikia shikamoo yangu harakaharaka.

"Marahaba, marahaba. Uliwauliza?"

Ningesema sikuuliza, angetaka kujua kwa nini.

"Niliwauliza, baba. Wamesema ni unyevu wa mikono tu."

"Ahaa. Unyevu." Akatabasamu kama mtu aliyeteleza mbele za watu. "Mie nikadhani nimeona jambo."

Miaka yote hii nimetamani angenitukana.

Asubuhi yake nilimkuta uani anachemsha gundi. Vile vipande viwili vilikuwa ndani ya jiko, chini ya sufuria, vimelazwa juu ya makaa. Mpingo hauwaki upesi. Nilikuwa na muda wa kutosha kabisa wa kumwambia kweli.