Tanki letu lilizinduliwa mara mbili, vijiji viwili, na mheshimiwa yule yule

Wakuu, habari za huko mliko. Huku Lodwar jua liko kazini tangu asubuhi, lakini tuko salama.

Kuna jambo nimekaa nalo muda sasa, nikaona nilimwage hapa. Mengi nimeyaona kwa macho yangu. Pale ambapo sikuwepo nitasema sikuwepo. Majina nimeyabadilisha, kwa sababu baadhi ya wahusika bado tunasalimiana na ningependa tuendelee hivyo.

Kwanza mnijue. Nina kibanda cha kutengeneza simu hapa mjini, upande wa kuelekea Nawoitorong. Pembeni naendesha blog ya wadi yetu. Si kubwa. Naandika barabara iliyoahidiwa ikayeyuka, zahanati isiyo na dawa, public participation iliyofanyiwa hotelini wakati wenye kushiriki wako malishoni na mbuzi.

Kanuni yangu ni picha moja, swali moja. Matusi nafuta, hata yale ya kunitetea.

Nyumbani hasa ni kijiji kando ya laga, njia ya Kakuma. Kwa wasiojua, laga ni mto wa mchanga. Maji unayaona mvua ikinyesha tu, siku nyingine zote unachimba. Kwenye laga yetu kuna vijiji viwili, na sisi wenyewe tunaviita Juu na Chini. Mimi ni wa Chini.

Mwenyekiti wa kamati ya maji ya Chini ni shangazi yangu, nitamwita Akai. Mama mrefu, mkavu, mwenye sauti ya kuita ngamia. Akikutuma dukani, hata mwenye duka amesikia.

Sasa tuingie kwenye mambo.

Wakubwa wa wadi walituletea tanki jeusi la plastiki, lile kubwa. Mheshimiwa, mwakilishi wa wadi yetu, akaja, utepe ukakatwa, picha zikapigwa. Na msidharau tanki, wakuu. Boza, lile lori linaloleta maji ya msaada wakati wa ukame, haiwezi kumwaga maji chini. Kijiji kisicho na tanki boza inakipita tu, dereva anakupungia mkono.

Wageni walipoondoka, shangazi akachukua chuma, akakichoma motoni hadi kikawa chekundu, akaliwekea tanki alama ya ukoo wetu. Emachar, ile tunayoweka kwenye ngamia na ng'ombe. Moshi wa plastiki ulinuka mpaka mbuzi wakahama.

Mimi nilikuwepo na nilicheka sana. Nikamwambia, "Shangazi, hiyo ni mali ya serikali."

Akanijibu, "Serikali iko na tanki ngapi? Hii ndiyo yetu."

Nikapiga picha, nikaiweka kwenye blog. Watu wakacheka wiki nzima.

Baadaye kidogo, mimi nikiwa Lodwar, likaja lori na vijana wawili na afisa mmoja wa wadi. Hapa sikuwepo, nasimulia nilivyoambiwa. Afisa akasema tanki linavuja pale lilipochomwa, linapelekwa mjini kushonwa, litarudi.

Shangazi alishtuka. Akajua ni chuma chake kimeharibu. Kwa aibu hiyo hata hakubishana. Alishika kamba mwenyewe akasaidia kufunga, kijiji kizima kikitazama.

Tanki halikurudi.

Boza ikaanza kutupita. Wanawake wakarudi kuchimba mchanga, shimo linazidi kina kila siku, na maneno yakaanza. Nani alifunga kamba? Akai. Nani aliongea na afisa? Akai. Basi amekula. Mama mmoja, nitamwita Nakiru, alisema wazi pale shimoni kwamba Akai ameuza tanki na watoto wataendelea kunywa matope. Toka siku hiyo wanawake wakawa wanachota upande mmoja, Akai upande mwingine.

Huyu ni mtu aliyenilea baada ya mama kuondoka duniani. Nilipomkuta anachimba peke yake, roho iliniuma nisiwaongopee. Aliniambia sentensi moja tu: "Nikifa hivi, watasema alikufa mwizi."

Nikarudi mjini nikaandika. Picha ile ya alama, na swali: "Tanki la Chini liko wapi?"

Ofisi ya wadi ina akaunti yake. Ikajibu kwa upole kabisa: tanki liko yadi ya Lodwar linarekebishwa, wananchi wawe na subira. Nikapanda boda hadi yadi. Askari wa getini ni mteja wangu wa simu. Akanifungulia nikatazama mwenyewe. Kulikuwa na magurudumu, trekta bovu na mbuzi wa mtu, tanki hakuna.

Nikaweka picha ya yadi. Swali lile lile. Ofisi ikapiga kimya.

Kisha nikapata ujumbe kutoka kwa kijana mmoja wa Kakuma, Mkongomani, mkimbizi. Yeye hukodisha spika na maiki kwenye sherehe. Nitamwita Bahati. Aliandika hivi:

"Kaka, ile tank munatafuta, iko huku. Tuko tunatengeneza mahema ya fête ya kesho. Niko naiona na macho."

Na picha, aliyoipiga akiwa amejibana nyuma ya tanki hadi alama ikaonekana. Ilikuwa Juu, wakuu, kijiji jirani, mwendo wa asubuhi moja kwa miguu kutoka kwetu. Tanki letu lilikuwa limefungwa utepe mpya, na upande wenye alama umegeuziwa ua wa miiba.

Damu ilinichemka. Nilitaka kuirusha ile picha dakika ile ile. Nikampigia shangazi kwanza. Akasema, "Wewe nyamaza. Kuja unichukue."

Kesho yake tukafika Juu na boda, vumbi hadi kwenye nyusi. Wageni wameketi hemani, muziki unapiga, mheshimiwa amevaa kofia mpya. Tukasimama nyuma na wanawake wa hapo. Ejok, ejok nooi, tukasalimiana vizuri. Hawakuwa na kosa lolote. Juu hali yao ni mbaya kuliko yetu, laga kwao ina mwamba, ukichimba unagonga jiwe. Walikuwa wamefurahi kweli kweli, na kuwaona hivyo kulinipunguzia hasira nikabaki na huzuni.

Ikafika wakati wa baraka. Mzee wa hapo, Lomuria, akaitwa. Kwetu kitu kipya kinabarikiwa kwa kuzungukwa, kama mnyama aliyeletwa nyumbani. Mzee akaanza kulizunguka tanki huku anaomba. Akafika upande wa miiba. Maombi yakakatika.

Akakaa huko nyuma mpaka watu wakaanza kuinuka vitini kumchungulia. Alipotoka, hakurudi kwenye maombi.

"Huyu ana wenyewe," akasema kwa Kiturkana. "Mimi siwezi kubariki mnyama wa watu."

Mheshimiwa akacheka kidogo. "Mzee, hiyo ni mchoro ya kiwanda tu."

Wakuu, kicheko kilichotoka hapo! Ni kama umwambie mtu jina la baba yake ni la kiwanda. Watoto wanaochunga mbuzi wanaijua alama hiyo, na mheshimiwa mwenyewe mama yake ni wa ukoo huo.

Mzee hakucheka. Alikuwa amemuona shangazi. Akamuuliza mbele ya watu wote, "Akai, wewe uko hapa. Mlitupa hii?"

Muziki ukazimwa. Bahati, bila kuulizwa na mtu, akamletea shangazi maiki, na mimi nilijua kijana huyo anahatarisha kazi yake.

Shangazi akaishika maiki kwa mikono miwili. Akisema ndiyo, amekubali alichosingiziwa nyumbani. Akisema hapana, anawanyang'anya maji watoto waliosimama mbele yake na vikombe.

"Hapana," akasema mwishowe. "Niliambiwa inaenda Lodwar kushonwa. Nikashika kamba na hii mikono yangu."

Watu wote wakamgeukia mheshimiwa. Mheshimiwa akamgeukia afisa. Afisa akasema ni mix-up ya dereva.

"Basi mturudishie," akasema shangazi.

Afisa akasema lori limeenda wadi nyingine, hakuna la kubeba. Na tanki lilikuwa tayari lina maji, boza ilikuja asubuhi kwa ajili ya picha.

Shangazi akalitazama lile tanki, akawatazama wanawake wa Juu. Kisha akatoa neno ambalo hata mimi sikulitarajia.

"Sikieni nyote. Hatujawapa. Tumewakopesha. Mkunywe, vile mtu anakopesha rafiki ng'ombe ya maziwa. Siku tanki yenu itafika, yetu itarudi nyumbani. Na mheshimiwa amesikia, kwa sababu ameketi hapo."

Mzee Lomuria akasema hayo ndiyo maneno. Akaendelea na baraka, akamaliza mzunguko. Mheshimiwa akapiga makofi pia, angefanya nini.

Mimi nilikuwa nimerekodi yote, wakuu. Yote! Blogger yeyote anajua ladha ya kitu kama hicho mfukoni. Nikatafuta network, kidole kiko kwenye kitufe.

Shangazi akanishika mkono. "Hapana. Mimi ndio nitawaambia watu wangu. Hawawezi kusikia na simu kwamba nimekopesha kitu yao."

Nikabisha. Nikamwambia ofisi itatuwahi. Akasema iwahi.

Na ilituwahi kweli. Kabla hatujafika Chini, akaunti ya wadi ilikuwa imejaa picha: mheshimiwa, utepe, mzee akibariki, na maneno kwamba jamii mbili zimeungana kumshukuru kwa maendeleo. Likes mpaka za watu wa Eliye Springs. Nilisoma yale huku video yangu imelala kwenye simu.

Jioni hiyo shangazi akawaita wanawake, akawaeleza kila kitu, mwanzo hadi mwisho. Alianza na chuma, kwamba aliamini ni yeye aliyetoboa. Hakujipamba.

Nakiru akasimama. "Kwa hivyo sasa umeuza mara ya pili."

Shangazi akasema, "Kesho twende uone mwenyewe."

Hapa tena sikuwepo, nilirudi kibandani kutafuta riziki. Niliambiwa walitoka alfajiri na jerikeni zao. Walipofika Juu, wenyeji walikuwa kwenye foleni tayari. Wakaondoa jerikeni zao kwenye mstari, wakawaambia wa Chini, tangulieni, nyinyi ndio wenyewe. Nakiru akachota wa kwanza.

Shangazi akanipigia. "Sasa andika."

Nikaweka picha mbili. Uzinduzi wa Chini na uzinduzi wa Juu, tanki lile lile, kofia tofauti. Najua nilivunja kanuni ya picha moja. Swali lilibaki moja: "Tanki la Juu linafika lini?"

Halafu wanawake wakafanya kitu ambacho sikuwafundisha. Kijiji kina simu chache, wakazizungusha, wakarekodi sauti zao chini ya zile picha za ofisi. Kila mmoja anataja jina lake na kusema, "Hiyo tanki ni yetu, tumekopesha." Wa Juu nao wakaweka zao: "Ni kweli, sisi tumekopeshwa, yetu iko wapi?" Ofisi ikafuta. Wakarudia. Ikafuta tena, wakaleta nyingine.

Afisa wa wadi akanipigia, sauti tamu. Akasema kuchoma tanki la umma ni uharibifu wa mali. Nikamwambia, "Mkubwa, hoja nzuri hiyo, iandike kwenye comment watu waisome." Hajaandika mpaka leo.

Tanki la Juu lilikuja kimya kimya, bila utepe, bila hema, dereva peke yake. Lori hilo hilo likapakia letu na kulirudisha Chini. Nyuma ya lori kulifungwa mbuzi jike mchanga, ametumwa na Mzee Lomuria. Ng'ombe wa kukopeshwa akirudi huwa anarudi na kitu, na tanki halizai.

Lilikaguliwa, halikuwa na tundu. Halijawahi kuvuja.

Siku hiyo hiyo Nakiru alikuja bomani kwa shangazi. Hakuomba msamaha, hilo msilitegemee. Alikaa chini, akanyoosha mkono, akaomba tumbaku. Shangazi akampa. Wakatafuna wote wawili wakitazama laga. Huku kwetu mtu haombi tumbaku kwa mwizi, na shangazi alikuwa anajifuta macho akisingizia vumbi.

Nilichojifunza wakuu, na mnikosoe: blog ilisaidia kulipata tanki, hilo sikatai. Bila Bahati kuisoma, lingekuwa Juu mpaka kesho. Lakini kama ningerusha ile video kabla shangazi hajaongea na watu wake, ningempiga mheshimiwa na kumzika yeye pamoja naye. Siku moja ya kunyamaza iliniuma kuliko matusi yote niliyowahi kupata, na sijutii.

Nyinyi mnaoandika mambo ya wadi zenu, mngenyamaza hiyo siku moja? Au mngerusha? Leteni maoni, nasoma zote.

Kabla sijaweka uzi huu nilimsomea shangazi kwenye simu ili anipe ruhusa. Alisikiliza hadi mwisho, akakohoa.

"Weka," akasema. "Lakini pale umesema mimi ni mkavu, toa."

Sijatoa.