Mbuzi wa Saba wa Oymo

Qurbon dereva alikuwa amepiga honi mara mbili, na kadi ya Saodat bado ilikuwa tupu.

Saodat, mjane wa miaka hamsini na mmoja, alimkusanyia maneno ya Kiyaghnobi, lugha ya bonde lao la milimani, profesa mmoja wa Dushanbe, mji mkuu wa Tajikistan. Profesa alikuwa amelipanga neno la saba la lugha nyingi kwenye karatasi moja: Watajiki haft, Wahindi sat, Waoseti ng'ambo ya Bahari ya Kaspi avd, na vijiji vya Yaghnob, avd vilevile. Chini kabisa, penye alama ya nyota, aliandika sapta, bibi wa maneno hayo yote, neno lililokisiwa kutokana na wajukuu wake.

Mstari wa kitongoji cha Sarkhav ndio uliobaki wazi. Gari la kwenda Dushanbe likiondoka bila kadi hiyo, ingeandikwa kwamba Sarkhav imepoteza hesabu yake na kuazima ya Watajiki. Sarkhav ndiko alikozaliwa na kuzikwa mume wa Saodat. Yeye mwenyewe hakufaa kulitoa neno hilo: alizaliwa uwandani Zafarobod, wazazi wake walikohamishiwa kwa helikopta wakalime pamba, na hesabu hiyo aliisoma kwenye kadi. Alitakiwa mtu aliyeipokea kinywani mwa mama yake, tena awe anahesabu kitu kweli. Sharti la profesa: sauti inaswe, au wasikie watu wawili na kutia sahihi.

Mtu huyo alikuwa mmoja tu, Oymo, mama mkwe wake. Na Oymo kila asubuhi aliwahesabu mbuzi wake kwa Kitajiki: yak, du, se.

"Mwenye kijicho akisikiliza, asikie hesabu ya watu wengine," alizoea kusema. "Yetu ni ya siku ya shida."

Honi ya tatu. Saodat alishindwa kukaa, akaenda zizini. Oymo alikuwa akiwagusa mbuzi migongoni, mmoja mmoja, uso umemshuka.

"I, du, tiray, tufor, panch, ukhsh..." Mkono ukabaki hewani.

Saodat alikwisha kubonyeza kinasa sauti. "Malizia, mama."

"Nimalizie na nini, na upepo? Yule mweusi hayupo! Unanitolea mashine badala ya kumtafuta?"

Saodat aliona haya, akaupanda mlima. Kila honi ilimchoma mgongoni. Alimkuta mbuzi amenasa pembe kwenye mwanya wa mawe. Katika kumvuta, kinasa sauti kikamponyoka, kikapasukia chini. Hakurudi kuokota vipande. Alishuka mbio, mbuzi mabegani.

Qurbon alikuwa amesimama zizini, mikono kiunoni. "Dada Saodat, mnataka nihamie huku? Theluji ikiyeyuka mto utajaa, sivuki tena mimi!"

"Subiri kidogo tu, kaka."

Alimtua mbuzi. Oymo akamchapa kofi la matakoni. "Avd! Mshenzi wewe, avd!"

Saodat alimgeukia Qurbon, pumzi juujuu. "Umesikia?"

"Mimi si kiziwi. Kasema avd. Sisi Watajiki tunasema haft, lakini mbuzi kaelewa."

"Basi weka sahihi."

"Ya mbuzi?"

"Ya neno! Andika, mto unajaa."

Qurbon aliitandika kadi juu ya boneti ya gari, akatia sahihi akinung'unika. Saodat akaandika jina lake chini ya la dereva. Nyuma yao Oymo alikwisha kuanza upya, kwa sauti ya kufika mtoni: "Yak, du, se..."