Chumba Kisicho na Mlango

Ukitaka kumjua msimamizi wa ujenzi, usimtazame mikono, mtazame shingo. Ya huyu ilikuwa imepinda kidogo kuelekea kushoto, na si kwa ugonjwa. Kushoto ndiko kulikokuwa na uzio wa mabati, na nyuma ya mabati kulikuwa na jengo la mwanyumba wake.

Mafundi walimwita Timazi, kwa sababu ile kamba yake yenye kipande cha chuma, ya kupimia kama ukuta umesimama wima, haikutoka mfukoni hata alipokwenda harusini. Alianza kwa kubeba zege, akawa fundi, akawa mnyapara, na sasa ndiye msimamizi. Alifungua geti kabla jua halijaamka vizuri, akaita majina, akatoa saruji stoo kwa mkono wake mwenyewe kama mama anayegawa nyama. Akagombana na dereva wa mchanga kwamba lori halijajaa. Akapanda jukwaa, akatikisa kila nguzo, akashuka, akapanda tena. Jioni alirudi nyumbani na vumbi la saruji kwenye nyusi. Kazi aliijua. Hilo hata adui yake angekubali.

Adui yake, basi, ndiye huyo mwanyumba. Wake zao ni ndugu wa tumbo moja: Timazi kamwoa mkubwa, mwenzake kamwoa mdogo. Watu walimwita Miwani, maana alivaa miwani myeusi hata akiwa ndani ya shimo la msingi. Na tajiri wao alikuwa mmoja, mama wa makamo mwenye raba miguuni na maneno machache mdomoni. Alikuwa anajenga nyumba mbili pacha, ramani moja, zimetenganishwa na uzio tu. Moja kampa Timazi, moja kampa Miwani. Akawaita, akawaambia, "Nina jengo la ghorofa saba linakuja. Nitampa mmoja wenu. Siku nikija kukagua, nitajua ni nani."

Laiti angenyamaza, mama wa watu!

Tangu siku hiyo Timazi hakula akashiba. Kwenye mabati kulikuwa na tundu la msumari, na mtaka cha mvunguni sharti ainame. Timazi aliinama. Aliona jukwaa la Miwani limefungwa likakazwa, roho ikamuuma. Aliona mafundi wa Miwani wanacheka, ikamuuma zaidi, kwa kuwa wa kwake walicheka akishaondoka. Siku Miwani alipoletewa mashine mpya ya kuchanganyia zege, na ile ya Timazi inakohoa kama babu mvuta tumbaku, chakula cha mchana kililiwa na mlinzi.

Nyumbani nako hakukuwa na nafuu.

"Mdogo wangu amepiga simu," mkewe alisema huku akikunja nguo. "Anasema kwao wanakaribia linta."

"Linta gani? Asubuhi walikuwa madirishani, zege la juu yake wamelifikiaje?"

"Wewe umejuaje walikuwa madirishani?"

Timazi akajitia kutafuta rimoti, nayo alikuwa ameikalia.

"Mume wangu, na hiyo nyumba unayoijenga wewe inaendeleaje?"

"Inaendelea."

"Nauliza tu. Maana kila jioni unanisimulia ya shemeji yangu."

Sasa, chini kabisa kwenye kila nyumba kulikuwa na chumba kidogo cha pampu ya maji. Mlango wake mmoja, unatazama uzio. Kwa kuwa chumba kile kilikuwa na ubaridi mzuri, vibarua wa Timazi walikigeuza bweni: wakishakula tu, wanajilaza humo kama samaki kwenye kikapu. Timazi akaagiza nafasi ya mlango izibwe kwa matofali. Yakapangwa makavu, bila saruji katikati, ya kuondolewa baadaye. Usingizi ukaisha, akajisifu.

Haikupita wiki, fundi mkuu akamfuata pale penye tundu, maana ndipo ofisi ilipokuwa imehamia.

"Bosi, tunataka kumwaga linta. Tuyatoe yale matofali ya mlangoni?"

Timazi hakugeuka. Alikuwa ameganda, jicho kwenye bati.

"Mwenzetu hana mlango pale."

"Hana?"

"Ukuta mtupu. Umejengwa kwa saruji, umesawazishwa, unang'aa."

"Bosi, ramani ina mlango."

"Ramani ya lini? Ramani imebadilishwa! Mama kamwambia yeye, mimi kanificha. Lile la ghorofa saba limeshakwenda, ndugu yangu. Wameshakaa wakayamaliza."

"Si tumpigie mama simu, tuulize?"

"Niulize, ajue kwamba sikujua? Yatoe hayo makavu, jenga ukuta wa kweli. Leo!"

"Na pampu itaingilia wapi?"

"Wenye akili wameshapanga. Jenga!"

Fundi mkuu alimtazama kama mtu anayemwona mwenzake akifua shati huku amelivaa. Akajenga. Ukawa ukuta mzuri kuliko kuta zote za nyumba ile. Timazi mwenyewe aliupima kwa timazi yake na haukukosea hata unywele.

Siku ya ukaguzi mama alianzia upande wa Timazi. Miwani naye alikuja nyuma yake, mikono mgongoni, heshima tele. Mama aligonga kuta, akapanda ngazi, akaguna lile guno la kuridhika. Timazi alianza kuuona ule mjengo wa ghorofa saba, na yeye juu yake, na Miwani chini akibeba ndoo.

Wakafika chumba cha pampu. Mama akakizunguka. Akakizunguka tena, akipapasa ukuta kama anayetafuta swichi gizani.

"Mlango uko wapi?"

"Mama, tumefuata yale mabadiliko," Timazi alisema, kifua mbele.

"Mabadiliko gani?"

"Si kama kwa mwanyumba, mama? Kwake pia hakuna mlango."

Mama akamgeukia Miwani. Miwani akavua miwani yake, na mafundi wakapata kumwona macho kwa mara ya kwanza: madogo, mekundu, yenye aibu.

"Mama, mimi niliona kwake pamezibwa. Nikajua ramani umembadilishia yeye, mimi umenificha."

"Yale yalikuwa makavu!" Timazi alipiga kelele. "Yalikuwa ya kufukuza watu wasilale!"

"Ningejuaje, mwanyumba, na katundu kenyewe kadogo vile?"

"Tundu gani?"

"Lile la msumari, pale kwenye bati."

"Lile ni tundu langu!"

Nyuma ya rundo la kokoto fundi mmoja alishindwa kujizuia, kicheko kikamtoka kwa njia ya pua. Mama hakucheka. Alisimama kati yao, akamtazama huyu, akamtazama yule.

"Nina nyumba mbili," alisema, "na kila moja ina kaburi la pampu. Toboeni milango. Lile la ghorofa saba nitampa mtu mwingine. Mtu asiye na jirani."

Alasiri yote nyundo zililia pande zote mbili za uzio. Timazi alijishikia ya kwake mwenyewe. Ya upande wa pili ikienda mbio, naye mbio. Ikitulia, naye anatulia kidogo, anasikiliza, anaanza tena kwa nguvu.

Jioni alikaa mezani na saruji kwenye nyusi.

"Nimeikosa," alisema.

"Pole, mume wangu. Pole sana." Mkewe akamshika bega. "Basi shemeji ndiye kapewa?"

"Hapana. Naye kakosa."

Alipolitamka hilo, kitu kikamfunguka tumboni. Akavuta sahani, akala, akaomba nyingine, akala hiyo nayo mpaka akailamba. Mkewe alikuwa hajamwona akila hivyo tangu msingi uchimbwe.

Simu ikalia. Mkewe akasikiliza, akacheka, akaikata.

"Mdogo wangu huyo. Anasema anashangaa mumewe: kakosa kazi, lakini leo kala kama mtu aliyetoka safari."

Kijiko cha Timazi kikasimama hewani.

"Kala sahani ngapi?"