Kambare wa Bibi Mwatumu

Mtu asiyeitikia shikamoo simwamini, na sitamwamini mpaka nizikwe. Ndiyo maana Bibi Mwatumu nilimtilia shaka tangu masika ya kwanza kijijini.

Mwaka 1974 Operesheni ya serikali ya kuhamishia watu vijijini ilimtoa kando ya Mto Msangazi, ikamleta kwenye kijiji chetu kipya cha ujamaa, barabarani karibu na Kabuku. Alikuja na wajukuu wawili na migono yake, ile mitego ya samaki inayosukwa kwa fito. Tulimcheka. Samaki gani kwenye vumbi hili? Viwanja vilipogawiwa, akaomba cha bondeni ambacho hakuna aliyekitaka. Mimi nilishuka kutoka milima ya Usambara kwa kukosa shamba. Najua mtu mwenye akili zake haombi ardhi mbovu hivihivi.

Mvua zilipoanza, kila asubuhi alipita mlangoni kwangu na kikapu.

"Shikamoo, bibi."

Kimya. Lakini wakati wa kurudi, mchangamfu huyo: "Hujambo, mama Rosa? Watoto je?" Baadaye kwake kunanukia samaki! Sisi tunasukumia ugali wa unga wa njano wa msaada kwa mlenda, yeye anakula kambare. Wengine walisema ni uchawi. Mimi nilisema anarudi kwenye mahame yake mtoni, na amri ilikuwa wazi: anayerudi mahame, jina lake linakatwa kwenye orodha ya unga. Nikamnyatia siku mbili, akanipotea kwenye majani marefu. Siku ya tatu nikaenda kwa mwenyekiti, mzee Semboja. Jina likakatwa hapohapo.

Kesho yake tukamfuata wote wawili tumfumanie.

Hakwenda mbali. Alishuka kiwanjani kwake hadi kwenye kalavati, lile tundu la kupitishia maji chini ya barabara, ambako maji ya mto yalikuwa yamefurika na kufika. Akainua mgono. Kambare wanne, matumbo yamejaa mayai. Ndipo akafungua kinywa.

"Mnisamehe. Kwetu anayekwenda kutegua mgono hasemi na mtu mpaka atoe samaki. Mto ukijaa, kambare hupanda kutafuta majani ya kutagia. Barabara imewazibia njia, wamebakiwa na tundu hili tu. Mimi nachukua wachache, wengine nawaacha wapite wakatage."

"Tumekuelewa, bibi," alisema Semboja. Nikashusha pumzi. "Lakini mwenye samaki anataka unga wa nini? Jina libaki lilivyokatwa. Na kalavati ni la kijiji."

Vijana wakatumwa na nyavu, wakazoa wote na mayai yao. Wiki haikuisha, kambare wakawa hawapo. Bila unga, bila samaki, Bibi Mwatumu akafunga mizigo aende na wajukuu wake Korogwe, kwa binti yake aliyekuwa akikata mkonge.

Dhamiri ilinisuta. Nikamfuata barabarani alipokuwa akisubiri lori.

"Bibi, mimi ndiye niliyekusema kwa mwenyekiti."

"Najua, mwanangu. Zile siku mbili nilikuona unaninyatia. Nikadhani una njaa, unaona haya kuomba. Nikaongeza mgono mmoja, wa kwako."

Lori likaja. Nilimpandishia mizigo yake huku nikilia.