Shingo ya Kaka Yangu

"Kwa nini jicho lake moja linasinzia na la pili liko macho?"

Mama aliniuliza hivyo Jumatatu asubuhi, akimtazama kaka yangu akinywa chai uani kwetu, Rumonge. Sikujua. Lakini nilikuwa nimetoka chuo kikuu na digrii yangu, na kusema "sijui" mbele ya mama kulinishinda. Nikasema hajalala vizuri kwa sababu ya shingo.

Shingo ilianza kumuuma Ijumaa, baada ya kunyolewa. Kinyozi wa karibu na soko ana desturi ambayo wanaume huipenda kuliko kunyolewa kwenyewe. Akimaliza kupaka spiriti, hushika kidevu kwa mkono mmoja na kisogo kwa mwingine, kisha huuliza: "Nikuvunje?" Mteja akisema "Vunja!", shingo huzungushwa ghafla, kulia, kushoto, mpaka ilie. Ikilia kwa nguvu, wanaosubiri kwenye benchi hushangilia. Siku ile nilikuwepo, nimepeleka simu kuchaji. Shingo ya kaka ililia mara mbili.

"Hii shingo iko na kutu, fundi," kinyozi alisema. "Unainama sana ku mashini."

"Basi tia mafuta, si unajifanya makanika?"

Tulicheka wote. Mimi pia.

Kaka alikuwa fundi cherehani. Hakuwa hata na miaka thelathini na tano, na mkono wake wa kulia ulikata kitambaa bila kuchora mstari wa chaki. Mkono huo ndio ulionisomesha.

Jumatatu hiyo maumivu yalikuwa yamepanda nyuma ya sikio la kushoto mpaka kichwani, na kope la kushoto lilikuwa limeshuka. Mama alikuwa na jibu lake: kuna fundi mwenzake anamuonea wivu, amemtupia kitu. Alitaka apelekwe kwenye chumba cha maombi.

"Mama, achana na wachawi. Hii iko torticolis. Ni misuli tu."

Neno hilo nililipata kwenye simu. Kwa kuwa lilikuwa la Kifaransa, hakuna aliyebisha. Kaka aliweka kikombe chini, akanitazama kwa jicho lake zima, akasema, "Sawa. Wewe ndiye umesoma."

Nikampakia kwenye pikipiki mpaka Minago, kwa mama mmoja anayekanda viungo kwa mafuta ya mawese yaliyopashwa moto. Nilimwamini kwa sababu hakutaja mizimu. Mikono na mafuta, basi. Kwangu hiyo ilifanana na sayansi. Alimketisha kaka kwenye mkeka, akakanda, kisha akaivuta shingo na kuikunja upande.

"Kaza meno, baba. Inatoka sasa."

Kaka aliinua mkono kumzuia. Nilimwambia, "Vumilia kidogo, yaya," kama ninavyomwita kaka mkubwa tangu utotoni.

Alipoinuka ili avae shati, vidole vya kulia havikukipata kifungo. Alijaribu tena. Akanigeukia, mdomo umevutwa upande mmoja, akasema: "Mukasi." Nikamuuliza mkasi wa nini. "Mukasi," akarudia, akininyooshea mkono wa kushoto, macho yamejaa hofu. Alikuwa ananiita, na badala ya jina langu lilitoka neno hilo. Yule mama akacheka, akidhani ni mzaha wa mafundi.

Hospitalini Bujumbura walimpiga picha ya kichwa na shingo. Daktari, aliposikia kazi yake, alinieleza kwa lugha ya cherehani. Mshipa unaopeleka damu kwenye ubongo una bitana ndani, kama koti. Bitana ile ilikuwa imechanika. Damu ikaingia katikati ya bitana na kitambaa, ikaganda, na kipande cha damu hiyo kikapanda kwenye ubongo na kuziba njia. Neva inayoinua kope hupita pembeni mwa mshipa huo. Mshipa ukivimba, kope hushuka. Swali la mama lilikuwa dalili. Jibu langu lilikuwa usingizi.

Nilimuuliza ni nani aliyeuchana: kinyozi, yule mama wa Minago, au nani?

"Huenda kinyozi. Huenda ulikuwa mshipa dhaifu tangu zamani, kikohozi tu kikatosha. Kuvutwa tena hakukusaidia. Zaidi ya hapo siwezi kuapa."

Nilimchukia kwa uaminifu wake. Maisha yangu yote nimedai watu waseme kile tu wanachokijua, na siku hiyo nilitaka mtu mmoja aniongopee.

Baadaye nilikwenda kuona kile chumba cha maombi. Hawamgusi mgonjwa. Wanaimba, wanaomba, wanamwacha ameketi kimya kwenye kiti. Imani niliyoicheka ingeiacha shingo yake itulie. Mama anajua hilo, na hajawahi kulisema. Ningependa anipigie kelele mara moja, tumalizane. Na kinyozi bado anauliza, "Nikuvunje?" Nilimweleza yote. Akanijibu kwamba amevunja shingo mia na hakuna aliyekufa.

Kaka hakufa. Mkono wa kulia anautumia kukandamiza kitambaa tu, kama jiwe. Maneno yamerudi polepole, moja moja, na ilipita miaka mitatu kabla hajaweza kunisimulia asubuhi ile ya Jumatatu mwanzo hadi mwisho. Kulipopambazuka, kabla mama hajaamka, alikuwa ameshakwenda kituo cha afya. Muuguzi alilitazama jicho lake, akamwandikia karatasi ya transfert, ya kumpeleka hospitali kubwa, na kumwambia apande gari la Bujumbura bila kuchelewa. Alipita nyumbani kuchukua sweta, akanywa chai kidogo. Karatasi ilikuwa mfukoni mwake aliponiambia, "Wewe ndiye umesoma."